Mfupa umeunga, lakini kwa nini anaugua kila mara? Majeraha makubwa na kinga ya mwili

#1 FundiMwashi_Moro (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 29, alipata ajali ya bodaboda miezi kumi na minne iliyopita. Alivunjika paja na mbavu tatu za kushoto, akafanyiwa upasuaji wa tumbo usiku uleule, akaongezewa chupa sita za damu, na akalala hospitali siku 41. Mfupa umeunga vizuri na sasa anatembea bila fimbo. Kinachonisumbua ni kwamba tangu arudi nyumbani hajakaa miezi mitatu mfululizo bila kuugua. Amepata homa ya mapafu mara mbili, jipu kubwa kwapani, na mwezi uliopita mkanda wa jeshi uliomzunguka ubavuni, ugonjwa ambao kwetu tumezoea kuuona kwa wazee. Majirani wameanza kunong'ona, ingawa amepima virusi vya Ukimwi mara tatu na mara zote majibu yamekuwa hasi. Mama yetu anasema damu yake ilimwagika yote barabarani, na hii aliyowekewa haijamzoea.

Je, kuumia vibaya hushusha kinga ya mwili, na kama hushusha, kinga hurudi baada ya muda gani? Au haya ni magonjwa ya kawaida tunayoyabebesha ajali kwa sababu bado tuna hofu? Naomba kuwasilisha.

#2 BiMkubwa_Pangani

Pole sana mwanangu, na umpe pole mama. Nimekuwa mkunga miaka 31, na nimeona wanawake waliotokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua wakikaa mwaka mzima hawana nguvu, kila upepo ukipita unawaangusha. Ninavyoelewa mimi, mwili una ghala moja tu. Ukilifungua ili kuziba jeraha kubwa, askari wote wanakwenda huko, na siku adui mwingine akibisha hodi hakuna aliyebaki mlangoni. Ghala hilo hujazwa kwa chakula na usingizi, nalo halijai kwa mwezi mmoja.

#3 MezaYaMaabara

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa heshima naomba nisahihishe kidogo, kwa sababu kazi yangu ni kuangalia damu kwa hadubini. Chembe nyeupe hazipungui baada ya ajali, bali huongezeka. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita ya damu, ilhali damu ya majeruhi inayoletwa mezani kwangu asubuhi baada ya ajali huweza kuonyesha 18,000, hata kabla kidonda hakijapata muda wa kuoza. Ila ukizitazama kwa karibu utaona kwamba nyingi ni changa. Kiini cha chembe iliyokomaa huwa kimegawanyika vipande vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, na cha hizi bado ni utepe mzima uliopinda kama kwato ya punda. Uboho, yaani kiini laini cha mifupa kinachotengeneza damu, umezisukuma nje kabla ya wakati wake, na uwezo wake wa kumeza na kuua bakteria si ule wa chembe iliyokomaa. Siku hizohizo limfosaiti, yaani chembe zinazopambana na virusi na kutunza kumbukumbu ya magonjwa yaliyopita, hupungua.

Kwa hiyo askari wapo mlangoni Bi Mkubwa, tena wengi, lakini ni vijana ambao hawajamaliza mafunzo. Nawaomba pia majirani wa mleta mada waelewe kwamba hata CD4, aina mojawapo ya limfosaiti hizo, hushuka kwa mtu aliyeumia vibaya ambaye hana virusi vya Ukimwi kabisa. Hesabu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kutambua nani ameambukizwa.

#4 MsomajiWaNairobi

Ahsante MezaYaMaabara. Swali linalofuata ni hili: kwa nini uboho utume jeshi wakati hakuna mdudu aliyeingia? Hapa kuna jambo ambalo mimi huona ni la ajabu kuliko yote katika somo hili. Ndani ya karibu kila seli yetu mna mitokondria, vinu vidogo vya nishati, ambazo asili yake ni bakteria waliomezwa na seli za kale na kugeuka kuwa sehemu yake. Mpaka leo mitokondria zina DNA yake ya duara na protini zinazoanza kwa alama ileile ya bakteria. Paja linapopondwa, seli hupasuka na vitu hivyo humwagika katika damu, na kinga huvisoma kama uvamizi wa bakteria. Kundi la mtafiti Carl Hauser kule Boston, Marekani, lilionyesha hili waziwazi mwaka 2010. Majeruhi anaweza kuwa na homa, mapigo ya haraka na mapafu yaliyojaa maji bila kuwa na mdudu hata mmoja katika damu, kwa sababu mwili unapigana na vifusi vyake wenyewe.

Kuhusu kushuka kwa kinga, maelezo ya zamani yalikuwa ya mawimbi mawili: kwanza moto wa inflamesheni, yaani homa na uvimbe unaowashwa na kinga yenyewe, kisha mwili unauzima kwa nguvu kupita kiasi na kubaki wazi kwa maambukizi. Daktari Roger Bone wa Marekani ndiye aliyelipa wimbi la pili jina la kitaalamu mwaka 1996. Chini ya maelezo hayo, mdogo wa mleta mada yuko katika wimbi la pili.

#5 Muuguzi_WodiYaMoto

Salaam kwenu. Mimi ninahudumia walioungua, na naomba niongee kutoka kitandani. Mgonjwa aliyeungua nusu ya mwili huingia akiwa na mapaja yaliyojaa. Baada ya wiki tatu, ninapomgeuza ili kubadilisha shashi, mkono wangu unalizunguka paja lile karibu lote. Anakula, anawekewa mpira wa chakula puani, na bado nyama inayeyuka. Daktari mmoja wa Glasgow, David Cuthbertson, aliliona jambo hili miaka ya 1930 kwa watu waliovunjika miguu tu. Alipima mkojo wao akakuta wanapoteza naitrojeni nyingi kuliko walivyokula, maana yake misuli ilikuwa ikivunjwa na kumwagwa. Chembe za kinga hujengwa kwa protini hiyohiyo. Kwa walioungua sana, mwili huendelea kuunguza nguvu kupita kawaida kwa mwaka mmoja, miwili, hata zaidi, muda mrefu baada ya ngozi kufunga. Kwa hiyo Bi Mkubwa hakukosea kuhusu ghala, ingawa amekosea kuhusu askari.

Wote mnakumbuka lori la mafuta lililolipuka Morogoro Agosti 10, 2019. Siku za mwanzo waliohesabiwa kufa walikuwa sitini na kitu, na kabla mwezi haujaisha wakazidi 100. Wale wa nyuma hawakuuawa na moto wa siku ile. Waliuawa na maambukizi kwa sababu kinga yao ilikwisha.

#6 KalamuNyekundu

Dada Muuguzi, heshima yako ni kubwa katika uzi huu, lakini sentensi yako ya mwisho imepita ushahidi. Aliyeungua vibaya huweza kufa siku ya kumi kwa mapafu yaliyovuta moshi, kwa figo zilizosimama, au kwa upungufu wa maji katika mishipa siku za mwanzo uliojeruhi viungo vingine. Ni kweli kwamba maambukizi ni muuaji mkubwa wa walioungua baada ya wiki ya kwanza, ila hatuwezi kuyabebesha vifo vyote vya Morogoro bila kuona mafaili.

#7 Muuguzi_WodiYaMoto

Nakubali, KalamuNyekundu. Niliandika nikiwa na uchungu wa siku zile. Nilichopaswa kusema ni kwamba maambukizi ni mojawapo, tena kubwa.

#8 MsomajiWaNairobi

Nami naomba nijisahihishe kabla KalamuNyekundu hajanifikia. Maelezo ya mawimbi mawili yaliyumbishwa mwaka 2011. Watafiti wa Marekani walichukua damu ya majeruhi 167 wa ajali za kugongwa na kuanguka, wakafuatilia jeni katika chembe zao nyeupe kwa siku 28. Zaidi ya asilimia 80 ya utendaji wa jeni hizo ulikuwa umebadilika. Jeni za kuwasha moto zilipanda, na jeni za kinga ya kumbukumbu zikashuka wakati uleule, tangu saa za mwanzo, bila kungojana. Majeruhi waliopona haraka na wale waliosumbuka walikuwa na mabadiliko ya jeni zilezile. Tofauti ilikuwa ukubwa wa mabadiliko hayo na muda yaliochukua kutulia.

Ndipo mwaka 2012 madaktari wa Florida wakaeleza hali ya tatu. Majeruhi wa zamani alikufa mapema; huyu wa leo huokolewa na mashine, kisha hukaa chumba cha wagonjwa mahututi kwa wiki kadhaa, moto mdogo ukiendelea kuwaka ndani, kinga ikiwa imelala na misuli ikipukutika, vyote kwa pamoja. Wengine hutoka hospitali wakiwa na hali hiyohiyo. Kwa maana hiyo swali la mleta mada kwamba kinga hurudi lini halina tarehe moja.

#9 MwanaWaMkoani

Ndugu yangu MsomajiWaNairobi, umetufikisha Boston na Florida, na mgonjwa wetu bado yuko Morogoro. Niseme na mimi niliye kwenye kiti cha magurudumu. Nilianguka kutoka juu ya mnazi hapa Pemba mwaka 2011, nikaumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua. Mwaka wa kwanza nilipata homa ya mapafu mara tatu, na tangu hapo maambukizi ya mkojo yamekuwa kama kodi ninayoilipa kila msimu. Daktari aliyenifundisha kuishi na hali hii alinieleza kwamba bandama na tezi za kinga zina neva zinazoziongoza. Uti ukikatika juu ya pingili ya sita ya kifua, ubongo hupoteza usukani wa neva hizo, na bandama hupokea amri zisizo na mpangilio. Katika uzi huu mnasema damu na chakula. Mimi nasema neva.

#10 KalamuNyekundu

Pole na hongera kwa uvumilivu, MwanaWaMkoani. Naomba kuuliza bila kukukwaza: una mpira wa mkojo? Na je, unaweza kukohoa kwa nguvu? Mtu ambaye misuli ya kifua chake haisukumi makohozi atapata homa ya mapafu hata kama kinga yake ni kamili, na mpira wa mkojo ni njia ya bakteria kwa yeyote.

#11 MwanaWaMkoani

Ninao, na kukohoa kwangu ni kudogo. Mke wangu hunisukuma chini ya mbavu ili nitoe makohozi. Hoja yako naipokea nusu, kwa sababu niliambiwa kwamba panya walioumizwa uti juu walidhoofika kinga kuliko walioumizwa chini, na panya hawana mpira wa mkojo.

#12 MtoaDamu_Mwanza

Naona wote mnamkwepa mama wa mleta mada, naye hakusema upuuzi. Mwaka 1973 madaktari wa figo waligundua kwamba wagonjwa waliokuwa wameongezewa damu kabla ya kupandikizwa walibaki na figo mpya kwa muda mrefu zaidi kuliko ambao hawakuongezewa. Maana yake damu ya mtu mwingine, hasa chembe nyeupe zilizomo, iliilegeza kinga yao. Baadaye nchi nyingi zilianza kuchuja chembe nyeupe kabla ya kuwapa watu damu. Chupa sita ni nyingi.

#13 MezaYaMaabara

Mkuu, historia ya 1973 ni sahihi. Tatizo ni kwamba anayeongezewa chupa sita ndiye pia aliyeumia zaidi, kwa hiyo kutenganisha kosa la damu na kosa la jeraha ni kazi ngumu. Chembe nyekundu alizopewa hazipo tena. Zinaishi takriban siku 120 tu, na miezi kumi na minne imepita. Mwambieni mama kwamba damu iliyomo mwilini mwa mwanawe leo ameitengeneza mwenyewe.

#14 BiMkubwa_Pangani

Nimesoma yote taratibu, na kuna jambo hamjaliuliza. Mleta mada ameandika mbavu za kushoto, tena akaandika upasuaji wa tumbo usiku uleule. Mwanangu, walipofungua tumbo walikuta nini, na walitoa nini? Tafuta karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa, uisome yote, hata mgongoni.

#15 FundiMwashi_Moro (mleta mada)

Wakuu, samahani kwa kuchelewa. Karatasi ilikuwa chini ya godoro ndani ya bahasha ya picha za mionzi. Nimempelekea mwalimu wa sekondari anisaidie kusoma, na katika mstari wa nne imeandikwa kwamba bandama ilipasuka na ikatolewa yote. Hakuna aliyetueleza jambo hilo kwa mdomo. Sisi tulijua kwamba walizuia damu tu. Mdogo wangu mwenyewe ameshika kovu lake akaniuliza kama mtu anaweza kuishi bila hiyo.

#16 MezaYaMaabara

Anaweza, na wengi wanaishi hadi uzee. Ila sikiliza kwa makini. Kuna bakteria wenye koti la sukari linaloteleza, na chembe nyeupe haziwashiki kwa urahisi. Bandama ndiyo chujio linalowakamata, na ndimo zinamoishi chembe zinazotengeneza kingamwili za haraka dhidi ya koti hilo. Wakuu wa kundi hilo ni bakteria wa nimonia na wale wa homa ya uti wa mgongo. Mtu asiye na bandama akiwapata, huweza kuanza na homa asubuhi na kuwa mahututi usiku. Hatari ni kubwa zaidi miaka miwili mitatu ya mwanzo, lakini hubaki maisha yote. Zipo chanjo: ya bakteria wa nimonia, ya homa ya uti wa mgongo, na ya Hib, bakteria mwingine wa kundi hilohilo. Anayetolewa bandama kwa dharura kwa kawaida huchanjwa kuanzia siku ya 14 baada ya upasuaji. Aliyepitwa bado anafaa kuchanjwa leo. Malaria nayo itamsumbua zaidi, kwa hiyo chandarua kila usiku, na homa yoyote ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, tena mkiwa na karatasi hiyo mkononi.

Fanya jambo moja zaidi. Akipimwa malaria, mwombe mtaalamu atazame chembe nyekundu zenyewe. Bandama nzima hung'oa mabaki ya kiini kutoka katika chembe hizo. Isipokuwepo, utaona kijidoa kimoja cha zambarau iliyokolea, cha duara kamili, kimekaa ndani ya chembe kama punje ya mtama kwenye sahani. Kinaitwa kwa majina ya Howell na Jolly. Mara nyingine bandama inapopasuka kwa ajali, vipande vyake hudondokea tumboni na kuota upya, na vijidoa vikiwa vichache huenda anayo iliyobaki.

#17 Mchambuzi_Tanga

Kumbe bandama ndiyo wengu? Nyumbani kwetu tunasema wengu, na bibi alikuwa akiushika kwa watoto wenye malaria ya mara kwa mara.

#18 BiMkubwa_Pangani

Ndiyo hiyo mwanangu. Wengu uliovimba kwa malaria hupasuka upesi kuliko mzima, hata kwa pigo dogo.

#19 KalamuNyekundu

Sitaki kuharibu furaha ya kupata jibu, lakini bandama haielezi kila kitu. Homa ya mapafu mara mbili inaingia. Jipu la kwapani kwa kawaida ni la bakteria wa ngozi ambaye bandama si mlinzi wake mkuu. Mkanda wa jeshi hauingii kabisa: huo ni virusi vya tetekuwanga vilivyolala katika neva tangu utotoni, na walinzi wake ni limfosaiti. Tena mbavu tatu zilizovunjika hufanya mtu apumue kwa woga, na pafu la chini lisilofunguka huchukua maambukizi kwa sababu hiyo tu. Amepimwa makohozi kwa kifua kikuu? Kabla ya ajali aliugua mara ngapi kwa mwaka, na ni nani aliyekuwa akihesabu?

#20 Muuguzi_WodiYaMoto

Swali la kuhesabu ni la haki. Kuna waliohesabu: watafiti wa Australia Magharibi walifuatilia kumbukumbu za hospitali za watu walioungua tangu 1980, wakawalinganisha na watu wa rika lao ambao hawakuungua. Walioungua walilazwa zaidi kwa magonjwa ya kuambukiza kwa miaka mingi baadaye, hata wale ambao majeraha yao hayakuwa makubwa. Hao bandama yao ilikuwepo. Kwa hiyo mkanda wa jeshi wa kijana huyu mimi ninauweka upande wa kinga iliyolala na mwili uliokonda. Mleta mada, ana kilo ngapi sasa?

#21 MsomajiWaNairobi

Kuhusu walioungua kuna dhana nyingine inayochunguzwa. Tumezoea kufikiri kwamba kumbukumbu ya kinga iko kwa limfosaiti peke yake. Tangu 2011 mtafiti Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, wamekuwa wakieleza kwamba hata chembe za mstari wa mbele hubaki na alama, kwa kuwa namna jeni zinavyofungwa na kufunguliwa katika uboho hubadilika. Chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, huacha alama yenye faida. Inawezekana jeraha kubwa huacha alama yenye hasara, na kila kizazi kipya cha chembe nyeupe huzaliwa nayo.

#22 MwanaWaMkoani

Hilo linaweza kunieleza hata mimi. Bado sijaacha neva zangu.

#23 FundiMwashi_Moro (mleta mada)

Wakuu, narudi baada ya siku tisa. Chanjo ya bakteria wa nimonia amechomwa Jumatatu. Ya homa ya uti wa mgongo tuliitafuta sehemu tatu tukakosa, mpaka muuguzi mmoja akatuelekeza kule wanakochanjiwa mahujaji kabla ya kwenda Makka, na huko tukaipata. Makohozi hayana kifua kikuu. Karatasi tumeipiga picha, na mdogo wangu ameiweka kwenye simu na nakala nyingine kwenye pochi. Majirani wawili nimewasomea mstari wa nne kwa sauti.

Mtaalamu wa maabara alimwita hadi kwenye hadubini akamwonyesha vijidoa. Alivihesabu vinne kabla hajachoka kufumba jicho moja. Dada Muuguzi, siku ya kuanza kazi ya bodaboda alipimwa akiwa na kilo 68, na jana mizani imesoma 57. KalamuNyekundu, mama anasema kabla ya ajali aliugua mara moja tu, tetekuwanga, akiwa darasa la pili.